Nani Amehesabu? Hotuba juu ya gati letu la mapipa

Jumamosi iliyopita niliombwa kuzungumza katika ukumbi wa parokia, hapa Bukavu, mbele ya mama wauzaji wa kando ya Ziwa Kivu, vijana wa kartie, yaani mtaa wetu, na wazee wachache. Mvua iliwazuia wengi kufika. Kwa ajili yao nimeandika yote niliyosema, kama nilivyoyasema.

Mama zetu, wazee wetu, wadogo zangu: jambo yenu!

Niliombwa nieleze jinsi marafiki saba walivyojenga gati linaloelea, lile ambalo mafundi wa bichi, yaani bandari, wanaliita pontoni. Lakini sitaanza na mapipa. Nitaanza na mama mmoja na mananasi yake.

Mnajua pale chini, upande wa Bagira, mitumbwi ya kisiwa cha Idjwi inapofikia. Mnajua yale mawe. Nyeusi, yenye utelezi, yamejificha chini ya maji. Mtumbwi haufiki ukingoni, kwa hiyo mama anashuka maji yakiwa kiunoni, kapu kichwani, mtoto mgongoni, anatafuta jiwe kwa kidole cha mguu. Asubuhi moja, mama mmoja alikanyaga jiwe lisilokuwepo. Kapu likaanguka, mananasi yakatawanyika, na nanasi, kama mnavyojua, huelea. Yakaanza kwenda. Mama akayafuata, kwa sababu yale mananasi yalikuwa karo ya shule ya watoto wake. Maji yakamfika shingoni. Hakujua kuogelea. Aliyemtoa ni mtoto wa miaka kumi hivi aliyekuwa akichota maji: alimrushia bidoni yake tupu, lile dumu la manjano la lita 20, na mama akaikumbatia mpaka watu walipofika.

Nilikuwepo. Nilisimama juu ya jiwe na viatu vyangu vikavu, na mtoto ndiye aliyejua la kufanya.

Jioni ile tulikaa marafiki saba: seremala mmoja, mwalimu wa fizikia, fundi wa pikipiki, wawili wa kazi za zege, mwanafunzi mmoja, na mimi. Tukaulizana: kwa nini hapa hakuna gati? Jibu lilikuja haraka, kwa sababu gati lilikuwepo. Vijana wenzetu walilijenga kiangazi kimoja kwa nguzo za mikaratusi, zuri, limenyooka. Septemba mvua zikaanza. Ziwa likapanda. Gati likawa chini ya maji, likageuka jiwe jingine la kujikwaa. Kiangazi kilichofuata maji yakashuka, nguzo zikabaki juu, na mama akahitaji ngazi kulipanda. Kivu ndiyo tabia yake. Hupanda, hushuka. Ukilipigia gati msumari mahali pamoja, umejenga kwa ajili ya siku moja tu ya mwaka.

Basi gati lielee. Lipande na ziwa, lishuke na ziwa. Hapo tulikubaliana bila ubishi. Ubishi ulianza kwenye hesabu.

Ndugu zangu, nani hapa hakujifunza kuogelea akiwa amekumbatia bidoni? Inueni mikono. Mnaona, karibu wote. Basi ninyi nyote mnaijua fizikia ya gati. Mwalimu wetu alituambia: chukueni bidoni ya lita 20, ifungeni vizuri, halafu jaribuni kuizamisha. Tulijaribu. Fundi wa pikipiki, mtu wa kifua kipana, aliilalia kwa nguvu zake zote na bado ilimtoroka kando. Kwa nini? Kwa sababu ili izame lazima isukume lita 20 za maji, na lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Toa kilo moja hivi ya bidoni yenyewe: unapigana na kilo 19. Pipa la lita 200 linabeba kilo 200, ukitoa uzito wa pipa lenyewe, na yale ya plastiki ya buluu tuliyoyapata yalikuwa na kilo tisa hivi. Hesabu hii haina siri. Mtoto aliyerusha bidoni alikuwa anaijua kwa mikono yake.

Mpango wetu wa kwanza ulikuwa mapipa nane. Kilo 1,600! Tulifurahi sana. Tulikuwa saba, tukajiona tumesimama juu ya gati, tunapiga picha. Ndipo yule mama wa mananasi, tuliyekuwa tumemwita atuambie anataka nini, akauliza swali ambalo mpaka leo ninalisikia. Aliuliza: "Watoto wangu, siku ya soko mmehesabu?"

Nani amehesabu? Hakuna. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amehesabu.

Tukaenda kuhesabu. Asubuhi tatu za soko, mwanafunzi alikaa pale na daftari. Mtumbwi mmoja wa injini ulishusha watu 14 kwa mara moja. Tulikopa mizani ya muuza maharage, tukapima makapu: mengi yalikuwa na kilo 40 hivi. Mama na kapu lake, tukakadiria kilo 110. Watu 14 ni kilo 1,540. Ongeza vijana wabebaji sita wanaokimbilia mizigo. Umekaribia kilo 2,000, na hapo hujaweka mbao, wala sakafu, wala bolti. Mapipa yetu nane yangeshuka na wote.

Mnasikia jinsi tulivyokuwa karibu? Tulikuwa tumeshaanza kuchangishana. Tungejenga kitu kizuri cha kuua watu.

Tuliishia kwenye mapipa 24. Lita 4,800. Pesa tulizipata kwa likelemba, mchango wa zamu, kila juma kila mtu na fungu lake, miezi saba. Sitasema mengi juu ya pesa, isipokuwa hili: hatukungoja mfadhili. Wako waliotushauri tutumie chupa za plastiki badala ya mapipa, kwa sababu chupa zimejaa ziwani, zinakwenda kuziba bwawa la umeme la Ruzizi. Wazo la heshima, na uchafu ule lazima uondoke majini. Lakini kwa lita 4,800 unahitaji chupa 3,200 za lita moja na nusu, kila moja na kizibo chake kizima, na jua huzifanya zivunjike kama maganda ya karanga. Tuliliacha.

Kuhusu mapipa yenyewe, nisikilizeni, hasa ninyi vijana mtakaotaka kuiga. Ulizeni pipa lilibeba nini. Sisi tulichukua yaliyobeba mafuta ya kula tu. Pipa la dawa za shamba au la viwandani, hata ukiliosha mara kumi, usilitie katika ziwa ambalo watu wanachota maji ya kupikia.

Sasa, mapipa 24 unayapanga vipi? Sisi tulitaka kuyajaza katikati, kama mawe ya msingi. Mzee mmoja mvuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, alipita, akasimama, akatazama mchoro wetu mchangani. Hakutukemea. Alituuliza: "Mmewahi kujiuliza kwa nini sisi tunafunga mitumbwi mitatu?"

Nyote mmeiona. Usiku, zile taa zinazotapakaa ziwani kama mji mwingine: ni mitumbwi mitatu sambamba, imefungwa kwa miti mirefu, na wavuvi wanaimba huku wanavuta wavu. Sambaza wenyewe ni wageni humu, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na uvuvi huu umekua pamoja nao. Mzee alisema mtumbwi mmoja, hata uwe mkubwa, watu wakihamia upande mmoja kuvuta wavu, unapinduka. Mitumbwi mitatu iliyotengana haipinduki, kwa sababu upande unaolemewa una kitu mbali cha kuusukuma juu. Upana ndio unaosimamisha.

Mwalimu wa fizikia alinyamaza, halafu akafuta mchoro kwa mguu wake. Tukaanza upya. Mapipa yakaenda pembeni, mistari miwili mirefu, na machache tu katikati. Fikirini mtumbwi unapogusa gati: watu wote wanakwenda upande gani? Upande mmoja! Kila siku, kila mara, upande mmoja, na mikono wameinyoosha. Gati ambalo halikuhesabu hilo ni mtego.

Seremala alilijenga kwa vipande viwili, kila kimoja mita 4.5 kwa mita 3, chenye mapipa 12. Alikataa misumari kwenye fremu. Alisema wimbi halichoki, linatikisa mchana na usiku, na msumari hutoka kidogo kidogo kama jino. Kwa hiyo bolti, zenye vyuma bapa chini ya nati. Mapipa hayakufungwa kwa minyororo. Yalikaa ndani ya vizimba vya mbao, yakashikwa kwa mipira ya ndani ya tairi, ileile mnayofungia mizigo kwenye baiskeli. Pipa majini halitaki kwenda chini, linataka kwenda juu. Kazi ya kizimba ni kulizuia lisiteleze kando.

Nimefika siku ya kulishusha majini, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu siku ile ilitutoa machozi.

Tulikuwa tumetangaza salongo, kazi ya pamoja, kwa saa kumi na moja na nusu asubuhi, kabla upepo haujaamka. Shefu wa kartie alikuja. Watu walikuja wengi kuliko tulivyoomba. Kila kipande kilikuwa na kilo karibu 500, tukawapanga watu 24 kwa kila kipande, kila mtu kama kilo 20. Tulitandika vigogo vya migomba kwenye mteremko, vibichi, vyenye maji, na wavuvi wakatupa wimbo wao wa kuvuta. Kipande cha kwanza kilishuka kwa utaratibu, kikaingia majini, kikatulia. Kilikaa juu sana! Chini ya robo ya kila pipa ndiyo iliyokuwa ndani ya maji. Mama walipiga vigelegele. Seremala alikaa chini, akafunika uso wake.

Kipande cha pili kikaingia. Kikatulia pia. Tukaanza kuviunganisha. Baada ya saa moja hivi, mwanafunzi akasema, "Kile kimeinama." Tukabisha. Baada ya nusu saa nyingine hakuna aliyebisha. Kona moja ilikuwa inazama. Polepole, bila sauti, mbele ya watu wote.

Kwa nini? Mapipa yalikuwa mazima. Tuliyakagua moja moja. Nani alikosea?

Wawili kati yetu walianza kutupiana maneno makali, marafiki wa miaka kumi. Mwalimu aliingia majini na nguo zake, akalipapasa lile pipa la kona, kisha mengine. Alipotoka alisema: "Yote yamebonyea, isipokuwa la kona." Halafu akauliza: "Tuliyafunga saa ngapi?"

Tuliyafunga jana yake saa saba mchana, kwenye jua kali. Tulikuwa tumeyapanga uani tangu asubuhi, buluu iliyoiva, huwezi kuyashika. Mwalimu alikadiria hewa ndani ilifika nyuzi 45. Tukaziba. Halafu pipa likaingia katika maji ya Kivu, yenye nyuzi 24 hivi. Hewa ya moto ikipoa hujikunja. Katika pipa la lita 200, kutoka nyuzi 45 hadi 24, hujikunja kwa lita 13 hivi. Pipa lenye kizibo kizuri hubonyea mashavu. Lakini pipa ambalo mpira wa kizibo chake umechoka hufanya nini? Hunyonya. Huvuta maji ya ziwa kama mtoto anavyonyonya, na likishaanza linazama kidogo, kizibo kinakwenda chini zaidi, maji yanaingia zaidi.

Hakuna aliyekuwa mvivu. Tulifanya kazi kwa bidii saa isiyofaa. Wale wawili walishikana mikono palepale ndani ya maji. Tulikivuta kipande nje, watu walewale 24, na hakuna aliyeondoka kwa hasira. Jumamosi iliyofuata tulifungua mapipa yote 24 kabla ya jua kuchomoza, tukayaacha yapumue hewa ya baridi, tukabadilisha kila mpira wa kizibo, tukafunga, na likashuka. Kona hazijainama tena.

Juu ya nanga nitasema machache. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake, na Kivu, kama mjuavyo, ni refu kwenda chini, katikati linapita mita 470. Ukingo wake unaanguka haraka. Tulishusha kamba yenye jiwe: mita kumi tu kutoka ukingoni, tayari mita saba. Tulimimina zege ndani ya matairi ya lori, nanga nne, tukazifunga kwa kupishana. Na hesabu hapa pia, kwa maana zege likiwa majini hupungua uzito: nanga ya kilo 100 juani hushika kama kilo 58 tu chini ya maji. Kamba lazima ziwe na nafasi ya kupanda kwa ziwa. Kidaraja cha kwenda ukingoni kina bawaba upande wa nchi kavu, na upande wa gati kinateleza juu ya kipande cha bomba. Ukikifunga pande zote mbili, wimbi la kwanza la kiangazi litakivunja.

Sasa mama zangu, nataka kusema lile lililonileta hapa.

Gati lilipokamilika, mwalimu alipiga mstari mwekundu katikati ya kila pipa. Maji yakifika mstari, gati limebeba kilo 2,400 pamoja na uzito wake, na gati lenyewe lina kilo 1,000. Zinabaki 1,400. Ni watu 12 na makapu yao. Kumi na wawili, basi! Lingeweza kubeba zaidi? Lingeweza, asubuhi tulivu, watu wamesimama kama kanisani. Lakini siku ya upepo, mtumbwi unagonga, wote wameegemea upande mmoja? Ile nusu iliyobaki juu ya mstari ni ya siku hiyo.

Na mtumbwi unaleta watu 14, wabebaji sita wanangoja. Namba ya gati si namba ya umati. Mapipa hayawezi kutatua hilo. Tutalitatuaje?

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova, imejaa kupita kiasi, ilipinduka ikiwa imekaribia kabisa kufika bandari ya Kituku, kule Goma. Watu walikuwa wamepita majini kwa sababu barabara ilikatwa na vita. Ndugu zao waliokuwa wakiwangoja bandarini waliona kwa macho yao. Wako humu ukumbini waliozika siku zile. Sisemi hili kuwatonesha kidonda. Ninasema kwa sababu kila mara tunapopanda, kila mmoja anaona kwamba watu ni wengi mno, na kila mmoja anadhani kuna mtu amehesabu. Dereva anadhani. Mwenye tikiti anadhani. Mama anadhani. Nani amehesabu?

Pale kwetu tulitafuta mtu wa kuhesabu. Kijana wa kwanza walimsukuma. Wa pili walimpa pesa kidogo akafumba macho. Waliomaliza tatizo ni mama wenyewe, na wazo lilitoka kwa yule wa mananasi. Kila anayekanyaga gati anasema namba yake kwa sauti. Moja! Mbili! Tatu! Wa 12 akishasema, anavuta kamba na kufunga kidaraja. Wabebaji wanangoja nchi kavu. Waliobaki mtumbwini wanangoja mtumbwini, mpaka mmoja atoke na kutaja namba yake tena. Wiki ya kwanza kulikuwa na kelele na matusi. Mwezi wa pili, watoto wanaochota maji walikuwa wameigeuza wimbo. Ukipita pale alfajiri, ukungu haujaondoka, humwoni mtu, unasikia sauti tu za wanawake: saba, nane, tisa.

Yule mama sasa anashuka akiwa wa kwanza. Kitenge chake ni kikavu. Anasema "moja" kwa sauti kubwa kuliko wote.

Niwaambie na kazi iliyobaki. Mapipa mawili ya upande wa ziwa yamechakaa kwa kugongwa na mitumbwi, na Jumamosi ijayo tunayabadilisha. Pipa la kutoa hujazwa maji kwanza ili lisisukume juu tena, halafu huvutwa kutoka chini ya kizimba. Kwa hiyo tunahitaji waogeleaji wanne wazuri, na ndoo. Mwenye mipira ya ndani ya tairi asiitupe, ailete. Mwenye matairi mazima ya gari alete pia, tuyaning'inize kando ili mitumbwi isigonge mbao. Tunaanza saa kumi na moja na nusu, na mapipa mapya tutayafunga palepale, kabla ya jua.